Ripoti ya Neema kutoka Lipingo

Mbinga, Jumatano

Hasira haijaniisha hata sasa.

Neema, mwanafunzi wa chuo aliye kwangu kwa mafunzo ya vitendo, amerudi kutoka Lipingo, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, na ripoti. Siku zote sisi huwauliza akina mama wa kule kwa Kiswahili kuhusu vichanja tulivyowajengea vya kuanikia dagaa, nao hujibu, "Vizuri, tunashukuru." Yeye kawauliza kwa Kinyasa, lugha ya mama yake. Wakamwambia ukweli: vichanja viko mbali na ufuko, dagaa wanaanikwa mchangani kama zamani, na vichanjani wanalala kuku.

Mkurugenzi wa shirika letu akasoma, akacheka. Akacheka! "Binti, wafadhili wanakuja Ijumaa. Andika upya."

Neema akanigeukia. "Dada, si ulisema niandike nilichosikia?"

Nami, mtu mzima na akili zangu, nikamwambia, "Fanya anavyosema bosi."

Hakubisha. Aliandika upya, kisha akaniletea kitabu chake cha mafunzo nimjazie maksi. Penye uaminifu nikaandika kumi juu ya kumi. Akaitazama ile kumi, akanitazama na mimi.

"Asante, Dada."

Heri angenitukana.