Sauti Yangu Mlangoni

Alhamisi, 6 Februari 2025

Nimekuwa mlango! Job, bosi wetu, amenichagua nirekodi sauti ya Komeo. Eti sauti yangu inamfanya mtu atulie. Maneno yenyewe machache: "Karibu nyumbani." "Safari njema." "Subiri kidogo." Hilo la mwisho nimelirudia mpaka koo likakauka — Job alitaka lisikike kama mama anayempakulia mtoto chakula.

Komeo ni kufuli isiyo na ufunguo. Unabonyeza, inaiuliza kompyuta ya kampuni huko ng'ambo, ikikubaliwa inafungua. Kuingia, kutoka, yote lazima iulize. Landilodi anaona kwenye simu yake nani yuko ndani na nani katoka. "Tunaanza na Kayole," Job alisema, "next year ni Afrika yote. Hakuna mtu atabeba funguo tena, wasee." Nilipiga makofi na wengine. Niliamini. Bado naamini.

Jumatano, 19 Februari

Leo zamu ya ploti yetu, jengo zima la wapangaji. Kyule, fundi wa welding, amezunguka floo zote akiziba vitundu vya milango — vile ambavyo mtu hupenyezea mkono kufikia kufuli ya ndani. Job hataki hata kuviona. Mwizi naye ana mkono, anasema.

Wangu ulizibwa wa kwanza, uwe mfano.

Ladan, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alisimama mbele ya mlango wake na tumbo la miezi saba. Hakutaka. Mumewe, Wehliye, hushinda njiani na mizigo ya Garissa. Mwaka juzi mimba ya kwanza ilimtoka akiwa peke yake mle ndani. Aliniitia kwa kitundu hicho, akanipitishia ufunguo hapo hapo, nikafungua.

"Abaayo, nikiita utasikia?" Ndivyo anavyoniita, dada kwa Kisomali.

Nikamwambia nitasikia. Tena hii mpya inafunguka haraka kuliko ufunguo. Akasogea pembeni.

Kyule alipomaliza akafuta jasho. "Mimi nachomelea nilichoambiwa," alisema. "Lakini nyumba haina kitundu, hata kuku wangu siwezi mfungia." Nilicheka, lakini neno lake limenikaa.

Jumanne, 4 Machi

Ramadhani. Miaka yote, jioni za mwezi huu, mkono wa Ladan hutokea kitunduni na sambusa kwenye karatasi. Mimi sifungi lakini kufuturu nafuturu! Leo alibonyeza. "Subiri kidogo," nikaisikia sauti yangu ikimwambia. Akasubiri. Sambusa zilikuwa zimepoa. Tulicheka, yeye kidogo kuliko mimi.

Job yuko gazetini, mikono kifuani: kijana anayeifungulia Afrika mlango. Mainvesta wanakuja kesho, tumeagizwa tuvae tisheti za kampuni na tuonekane wengi. Mama amepiga simu kutoka Kitui kuuliza kama ni kweli kuna mlango unaongea kwa sauti ya mtoto wake. Akasema ngoma ikivuma sana hupasuka. Mama naye.

Ijumaa, 21 Machi

Milango inakawia. Mzee Mulwa wa floo ya kwanza alikwama ndani asubuhi hadi akakosa kibarua. Ofisini simu hazinyamazi. Tumekatazwa kusema "seva", yaani ile kompyuta ya ng'ambo. Tuseme "maboresho".

Nimemsikia Job kwenye ngazi akimbembeleza mtu kwa simu — wasizime seva, wampe wiki moja tu alipe. Aliponiona akatabasamu. "Niaje Ndinda, sauti ya taifa!" Nami nikatabasamu. Nilipofika mezani sikumbuki nilifanya nini.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 3 Aprili

Ofisi imefungwa. Kwa kufuli ya kawaida, ya ufunguo. Niliikodolea macho kama mjinga.

Mlinzi anasema mainvesta walijitoa na Job hakuaga mtu. Simu yake haipatikani.

Nimekwenda kwa landilodi kumwomba aziondoe hizi kufuli. Hagusi kitu mpaka aje mtu wa kampuni. Nikamwambia mtu wa kampuni ndiye mimi. Akaitazama tisheti yangu, akarudi kwa chai yake.

Kyule amejaa kazi hadi Jumamosi ya wiki ijayo. Atakuja, landilodi apende asipende, na ataanza kwa Ladan. Kwa sasa mchana tunaikinga milango kwa ndala isijifunge. Usiku tunafunga. Kayole ni Kayole, wezi hawalali.

Jumamosi, 12 Aprili

Wamezima seva. Tangu alfajiri hakuna mlango unaofunguka, ploti nzima. Mvua inanyesha na stima imepotea. Komeo zina betri zake, zinaongea tu.

Ladan amegonga ukuta. Uchungu umeanza. Wehliye yuko Garissa.

Nimepigia kliniki, nesi amekuja. Namsikia koridoni. Amesimama nje ya mlango wa Ladan, hana hata pa kupitisha mkono.

Kyule amefika kama alivyoahidi. Bila stima mashine yake ni mzigo tu. Ameupiga mlango nyundo mpaka ukuta wangu ukamwaga vumbi. Job alikuwa akijisifu kwamba chuma hicho hakishindwi na nyundo. Hilo hakudanganya. Kyule ameshuka kutafuta jenereta. Hajarudi.

Dirishani kuna vyuma. Mlango wangu nimeupiga mateke hadi kidole kimevimba. Naandika kwa sababu mikono haitulii. Nilimwambia nitasikia. Nasikia kila kitu.

Kila uchungu ukimjia anajikokota mlangoni, anabonyeza. Mlango unamjibu kwa upole: "Subiri kidogo." Nimemwambia aache. Anabonyeza tena. Korido nzima watu wanabonyeza, na mimi huyo kila upande, mpole, sina haraka.

Nesi anamwuliza kitu, hajibu. Nimepiga ukuta, nikamwita jina. Nikamwambia Kyule yuko njiani, asubiri kidogo.

Nimeweka sikio ukutani.

Kisha sauti yake, chini kabisa, karibu na sakafu:

"Abaayo, huyo ni wewe ama ni mlango?"