Mkono wa Kiunoni

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila nanuka moshi hata nikioga.

Sanamu yako ya shaba itakuwa ndefu kupita nyumba yetu. Shingo na magoti yaliyokunjwa kidogo nimeyatoa kwenye vinyago vya babu, lakini kusimama ni kwako, mkono kiunoni. Kamati ya uwanja itakaposimama haiutaki huo mkono. Eti mwanamke mweusi mkubwa namna ile akishika kiuno anatisha watu. Nishushe mikono yote miwili, la sivyo kazi apewe mwingine. Nimekataa.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu Kichwa Kigumu,

Marahaba. Goti linanung'unika asubuhi tu, kama baba yako. Hao wanaotishwa na kiuno changu wangeniona siku ulizochelewa kurudi kutoka shule. Usiushushe. Nitumie picha.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo, mimi leo sijiwezi. Tulipomimina shaba, mkono haukujaa, ukaishia kwenye kiwiko. Mwenyekiti wa kamati kafurahi kweli: basi, anasema, ushushwe, yaishe. Kanipa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Picha hiyo hapo. Nimelia, kisha nikabandika jikoni nta ya kufinyangia kielelezo cha mkono, nianze upya.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole sana. Nimeitazama picha nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Umeweka mkono wa kulia. Uliniona kwa mbele, ukanigeuza. Mimi hushika kiuno kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umekubeba wewe, mtoto usiyetaka kushuka hata nikipika. Kwa hiyo kilichoharibika hakikuwa changu. Futa machozi, ufanye kazi.

Mama yako

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Liambie goti lijiandae kwa safari.

Mikono yote miwili nimeifanya upya. Leo kamati wamekuja. Wa kushoto kiunoni wameuona, wakanuna. Wa kulia umekunjwa ubavuni, mtupu. Mwenyekiti akauliza huyu mama kabeba nini, hewa? Nikapanda ngazi, nikaketi kwenye ule mkono, nikaegemea kifua chako. Mwenyekiti akaomba kalamu, akatia sahihi ya kuikubali.

Bado naenea, mama.

Mwanao