Askari wa Magunia wa Meja Rwakabuba

Kakoba, Mbarara
2 Februari 2004

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na Mama. Mgongo umekuachia, au bado unainama kama mtu anayeingia mlango wa ndege? Mimi ni mzima. Mama Sharifah ananilisha mpaka sketi zangu nimezipanua mwenyewe, na dukani kwake sasa nimepewa cherehani nzuri, ile ya karibu na mlango.

Barua hii analeta mume wake, Mzee Kamaldin, anayekuja huko kununua maharage. Nakuomba usimcheleweshe kwa hadithi za vita. Safari iliyopita mvua ilinyeshea mzigo wake wote wewe ukiwa bado uko angani.

Habari yenyewe ni hii. Kuna kijana anaitwa Yonatani, fundi wa pikipiki hapa Kakoba. Ni mtu wa kwetu, Kivu ya Kusini, tunasali naye kanisa moja, na anataka wazee wake waje kuniomba kwenu. Mimi nimekwisha kukubali. Nampenda, Baba. Nakuambia wazi kwa sababu wewe hupenda ripoti fupi.

Binti yako,
Isimbi


Nakivale
11 Februari 2004

Binti yangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mgongo hauna neno, kinachonichosha ni watu wanaouulizia. Mama yako anakusalimu, ng'ombe wanakusalimu, hata yule mkorofi.

Ripoti yako nimeisoma na ina mapengo. Fundi wa pikipiki, vema. Mimi mwenyewe niliingia jeshini kukunja miavuli ya kurukia kutoka ndegeni, nikaishia kuongoza ndege ndogo ambazo wakubwa walizikataa. Unajua tulivyozitumia. Tulitua barabarani, tukatua malishoni katikati ya mifugo ya watu. Tulifunga vipaza sauti chini ya mabawa, tukawapigia waasi sauti za mama zao wakiwaita warudi nyumbani wale ugali ungali moto. Wenzangu walikuwa na mabomu, mimi nilikuwa na mama wazee kwenye kanda, na wale mama waliwatoa msituni watu wengi kuliko mabomu.

Lakini hatukuruka hata siku moja bila upelelezi. Baba yake kijana ni nani? Wakati wa vita vya milimani alikuwa wapi? Leta majibu, ndipo nimwendee Mzee Byiringiro awe msemaji wetu.

Baba yako,
Meja Rwakabuba


Kakoba
1 Machi 2004

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi za upendo. Natumaini mmeamka salama wote. Nakuomba ukae kwenye kiti kabla hujaendelea.

Baba yake Yonatani ni Mzee Anselme, analima mahindi huko upande wa Rugaaga. Wakati wa vita alikuwa milimani juu ya Fizi, pamoja na waasi. Usifure, vita vile vilikwisha kabla mimi sijazaliwa. Ila kuna jambo ambalo afadhali ulisikie kwangu kuliko ulisikie mbele za watu.

Yonatani amenisimulia kwamba asubuhi moja ya ukungu askari wa miavuli walishuka juu ya kambi ya baba yake. Wenzake wote walikimbia. Anselme akabaki peke yake, akapigana nao mpaka wa mwisho, na maiti akazitupa korongoni. Kwa ajili hiyo alipewa cheo, na mpaka leo kule Rugaaga watu humwita Komanda. Watoto wake wamekulia hadithi hiyo. Yonatani akiisimulia, macho yanamng'aa.

Asubuhi ya ukungu, Baba, juu ya Fizi. Wewe na mimi tunajua wale walikuwa askari gani. Walikuwa magunia uliyoyajaza majani makavu ukayavisha suruali, ili waasi wadhani jeshi zima linawashukia. Nimesikia habari hiyo jikoni kwetu tangu utoto, ingawa nje ya nyumba huisemi, kwa sababu wakubwa wako walikucheka.

Nakuomba kitu kimoja tu. Siku ya kuomba, kwa desturi yetu baba wa binti hafungui mdomo, msemaji ndiye anayesema. Ishike desturi. Ukimwaibisha mzee yule mbele ya wanawe, watasimama wote waende zao, na Yonatani ataondoka nao. Sitaweza hata kumlaumu. Niahidi, Baba.

Binti yako,
Isimbi


Nakivale
8 Machi 2004

Isimbi wangu,

Tuko wazima, Mungu ashukuriwe, ila mimi siwezi kukaa wala kulala. Walikimbia! Unaona ulichoniandikia? Kambi nzima ilikimbia!

Hujui nilivyoishi na jambo hili. Wale askari niliwashona mimi na watu wangu, nyuso zao nikazichora kwa mkaa mmoja mmoja. Tukawadondosha kwenye ukungu, ndege ikageuka, na ukungu ukafunga. Hatukuona kilichotokea chini. Mkuu wangu aliniita mbele ya maofisa akasema nimeharibu miavuli ya serikali kwa kuwatupia nyani wanasesere. Walicheka mpaka wakashika meza. Ndoto yangu ya ukanali iliishia pale. Nilipelekwa kulinda ghala la mablanketi, na huko ndiko nilikokaa mpaka vita vya mwaka wa tisini na sita vikatukimbiza sote, tukaja kambi hii ya wakimbizi.

Miaka yote hiyo nilikuwa natafuta mtu mmoja tu aliyekuwa chini. Kumbe yuko Rugaaga, analima mahindi!

Sasa unaniomba ninyamaze. Mwanangu, nikiahidi nitakuwa nakudanganya. Mama yako nilipomsomea barua aliniambia nikiharibu siku yako nitahamia zizini, na tangu jana hanisemeshi. Wageni waje Jumamosi, tarehe ishirini na saba. Mengine niachie mimi.

Baba yako,
Meja Rwakabuba


Kakoba
14 Machi 2004

Baba,

Salamu. Kukuachia wewe ndiko kunakonitisha.

Nimeshona mkono wa gauni la mteja kwenye shingo. Mama Sharifah alinikuta nalia juu ya cherehani, akasema, "Wewe Isimbi, hiyo nguo ya mtu iko nalowa! Mzee yako iko na akili, atanyamaza tu, jamani banange." Yeye hakujui.

Mimi si jeshi, Baba, na Yonatani si uwanja wa kutua. Najua walikucheka, na inaniuma. Lakini wale waliokucheka hawatakuwepo Jumamosi. Atakayekuwepo ni mzee mmoja mkulima, na mwanawe ninayempenda.

Binti yako,
Isimbi


Kakoba
4 Aprili 2004

Baba,

Mko wazima? Jumamosi imepita, na nyingine imepita. Mzee Kamaldin amerudi na maharage bila barua. Kule gereji Yonatani hajaonekana. Ametuma neno kwamba atachelewa, basi, hakueleza kitu.

Niandikie hata mstari mmoja. Kama mambo yameharibika, niambie yameharibika.

Isimbi


Nakivale
7 Aprili 2004

Binti yangu mpenzi,

Pokea salamu, na upumue. Barua hii ilikuwa tayari, ila Kamaldin siku hizi akiniona nimeshika kalamu anawasha gari. Yonatani yuko Rugaaga, anamwezekea baba yake paa.

Sikia sasa. Wageni walisimama penye lango la boma mpaka tulipowakaribisha, wakakaa, maziwa yakapita. Byiringiro aliwazungusha vizuri, akajifanya hajui wametafuta nini kwetu. Mimi nilikaa nimefunga mdomo kama desturi inavyotaka. Lakini wale ni watu wa upande wa ziwa, na kwao baba wa kijana husimama akajieleza ni mtu gani. Anselme akasimama. Ni mfupi, anachechemea mguu wa kushoto. Akaanza:

"Asubui ile, bengine bote balikimbia. Mimi njo nilibakia. Basoda banashuka toka juu, bengi sana, karibu hamsini. Nawaambia kweli, sijaona banaume bagumu namna ile. Hakuna hata moja alilia. Hakuna hata moja aliomba huruma."

Isimbi, alikuwa anawasifu askari wangu! Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema na ningekuwa nimewashinda majenerali wote walionicheka, mbele ya mashahidi.

Nikasimama. Byiringiro alinivuta koti. Mama yako alikuwa mlangoni na kibuyu cha maziwa, akaganda hapo hapo. Wageni wakatazamana, baba wa binti amesimama, jambo gani hili? Nikamtazama Yonatani. Alikuwa anamwangalia baba yake jinsi wewe ulivyokuwa ukiniangalia jikoni nikisimulia habari za ndege.

Nikasema, "Anselme, mimi njo nilikuwa komanda wa bale basoda. Mimi njo niliwatuma. Nilibangoja siku nzima. Hakuna hata moja alirudi."

Nikakaa. Mbele za Mungu hakuna neno la uongo hapo.

Anselme akaja akichechemea, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akawageukia watu wake akasema, "Muongeze mtamba moja. Ni ya bajane ba bale basoda."

Basi juu ya ng'ombe wa mahari nimepokea mtamba kwa ajili ya wajane wa magunia. Mama yako aliingia ndani haraka, nikamsikia analia, na nilipomfuata nikakuta anacheka ndani ya blanketi. Sasa ananisemesha, tena kupita kiasi.

Umeposwa, mwanangu. Harusi ni Julai. Mimi moyo bado unanisokota kidogo, nisikufiche, lakini nalala.

Baba yako,
Rwakabuba


Kakoba
22 Agosti 2004

Baba yangu,

Mimi na mume wangu tunawasalimu, na maisha ya watu wawili chumba kimoja si mabaya. Kukushukuru siku ya harusi hakukutosha, kwa hiyo nakushukuru tena.

Barua hii isome peke yako.

Baba mkwe alikuja juma lililopita kutazamwa mguu. Yonatani akiwa gereji, mzee alikaa nami dukani. Nilikuwa najaza pamba kwenye mto wa kiti. Alinitazama, akaanza kucheka peke yake, mabega yakamtetemeka. Halafu akasema taratibu:

"Binti yangu, baba yako aliyajaza majani. Pamba ingekuwa bei."

Sindano ikaniingia kidoleni. Anajua, Baba. Amejua tangu asubuhi ile. Mguu wake ulikuwa umevimba, hakuweza kukimbia, ndiyo sababu alibaki. Alimchoma askari wa kwanza kwa mkuki huku anatetemeka, majani yakamwagika. Akakaa chini akacheka mpaka akalia. Kisha akavua suruali zote akazificha, magunia akayatupa korongoni, na wenzake waliporudi akawaambia alichowaambia. Suruali hizo, anasema, zilimvalisha miaka mingi.

Nikamuuliza, kwa nini basi ulitoa mtamba wa wajane? Akasema, "Haikuwa ya bajane, ilikuwa ya baba yako. Niliona ana neno kubwa mu kinywa. Alilimeza sababu ya mtoto wangu."

Na anataka ujue haya. Siku ile walikimbia mpaka ufukweni mwa ziwa, wakaacha sufuria zinachemka motoni. Mkuu wao alikimbia na kiatu kimoja. Ilichukua siku tatu kuwakusanya tena, na wengine hawakurudi kabisa, walikwenda makwao kulima. Ulifanikiwa, Baba. Hakuna risasi iliyopigwa na hakuna mtu aliyekufa.

Anaomba tu watoto wake wasijue. Nimemwahidi sitasema, hata kwa Yonatani.

Binti yako anayejivunia wewe,
Isimbi


Nakivale
20 Septemba 2004

Isimbi, mwanangu,

Salamu kwako na kwa mkwe wangu. Huku mvua imeanza, na yule mtamba ana mimba.

Barua yako niliisomea malishoni, na sioni haya kukwambia nililia. Mama yako akauliza umeandika nini, nikasema salamu tu. Hakuamini, lakini akanisongea ugali wa kutosha watu watatu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Rugaaga. Nilimpigia Anselme saluti uani kwake, saluti kamili, kuku wakakimbia. Tukaenda kukaa nyuma ya ghala la mahindi. Nilimrudisha kwenye kile kiatu kimoja mara nyingi mpaka akachoka. Naye akaniuliza juu ya askari mmoja mwenye masharubu mazito, aliyeanguka wa kwanza, yule ambaye yeye Anselme alimchoma mkuki. Nikamwambia sura ile nilikuwa nimeichora kwa kumfuata mkuu wangu. Alijishika tumbo. Mke wake alikuja kutuuliza kinachotuchekesha, tukamwambia tunazungumza habari ya kupe wa ng'ombe.

Sasa naenda huko kila Jumapili ya pili. Baada ya ibada watu humwomba Komanda asimulie, na yeye husimulia, na mimi nakaa pembeni kama shahidi. Lakini nimegundua kitu, askari wanaongezeka. Siku ya kukuomba walikuwa karibu hamsini. Jana walikuwa mia moja. Vijana wakanigeukia, wakauliza, "Muzee Meja, ni kweli balikuwa mia?"

Nikamtazama Anselme, naye akatazama viatu vyake.

Nikawaambia hapana, walikuwa mia na ishirini.

Baba yako