Code Imeenda kwa Gisèle

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Élisée ameua mashine yangu, kompyuta ya kazi. Yeye anasema ameisafisha. Ni kweli ilikuwa nzito: mteja analeta ukurasa mmoja wa kupiga chapa, anangoja mpaka anasinzia kwenye benchi. Duka gani la bureautique hilo! Nikamwita yeye, fundi wangu. Akapuliza vumbi, akafuta sijui nini, akaondoka ameridhika. Sasa inawaka haraka kidogo. Lakini boîte ya barua-pepe ya chorale, kwaya yetu, imejifunga! Miaka yote nilikuwa nawasha tu, naikuta wazi. Leo inaniuliza mimi ni nani. Mimi, Baharanyi!

Neno la siri ninalo kichwani. Nikaliandika, ikakubali. Halafu ikasema imetuma code kwenye simu. Nikatazama simu yangu — kimya. Nikajaribu tena. Kimya vilevile.

Na Jumapili hii ni misa ya kumaliza matanga ya Muzee Cubaka. Mwaka umepita tangu atuache, yeye aliyeanzisha chorale yetu hapa Ndosho. Mjane wake, Mama Donatille, ameomba kitu kimoja tu: tuimbe Mwanakondoo wake, wimbo wa mwisho aliotunga. Nilimwahidi mbele ya padri. Muzee hakuwahi kuandika nota. Alikuwa anaimba kila sauti kwenye simu, soprano, alto, tenor, basse, peke yake, na koo lake lile la sigara, kisha anatuma kwenye boîte. Huo wa mwisho hatukuwahi kujifunza, chorale ikapasuka, naye akaugua. Uko humo ndani. Mahali pengine haupo.

Sitaki kufikiria.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimejaribu kwenye simu ya Charline. Yaleyale. Inaandika kwamba code imetumwa kwenye namba inayoishia na 47. Namba yangu haiishii hivyo. Nikamwambia Charline labda ni ile SIM yangu niliyoipoteza tulipokimbia volkano. Mke wangu akaacha kumenya viazi, akanitazama vile anavyowatazama wanafunzi wake wadogo wa première.

— Iyo namba ni ya Gisèle. Haukumbuki?

Nikakumbuka. Nikakaa chini.

Tulipofungua boîte, Gisèle ndiye alikuwa secrétaire wa chorale, na simu yake ndiyo peke yake iliyokuwa na chaji kila saa. Tukaweka ya kwake. Ilikuwa akili! Halafu chorale ikapasuka, tukagawana kila kitu mbele ya padri. Clavier, kile kinanda, ikabaki kwetu. Ngoma zikaenda kwao. Kikwembe cha sare kilichobaki tulikipima kwa mètre na kukikata, aibu tupu. Hata vitabu vya zaburi tuligawana. Lakini namba ya simu — hakuna mtu aliyekumbuka kugawa namba ya simu!

Sasa Gisèle ana chorale yake kule Mapendo. Hatujasemeshana tangu siku ile. Yeye alitaka kikwembe cha buluu, mimi cha njano, maneno yakawa mengi, na kila mmoja akapata watu wa kumpigia makofi. Mpaka leo nasema njano ilikuwa nzuri zaidi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Simpigii.

Élisée amekuja tena. Ameweka programu nyingine ya kufungulia internet, maana ile ya kwanza ilisema imezeeka, haina usalama. Nikabonyeza mahali pa kujaribu njia nyingine. Njia nyingine ni ipi? 47! Mwisho ikakasirika: umejaribu mara nyingi mno, rudi baadaye. Hata mashine inanifukuza kwangu.

Mama Donatille alipita akitoka soko la Kituku na samaki zake kwenye bassin. Akauliza répétition za nyimbo zinaendaje. Nikasema vizuri. Nimemdanganya mjane, nimesimama nimeshika fotokopi ya mtu! Akasema Cubaka angefurahi kama watoto wake wote wangeimba. Wote, alirudia. Hakutaja jina. Hakuwa na haja.

Alipoondoka nikafunga kabla ya saa. Sikuwa na moyo wa kufanya kazi.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimempigia.

Charline hakunilazimisha. Aliandika namba kwenye simu yangu, akaiweka mezani, akatoka kwenda kuanika nguo. Huyo mwanamke ananijua.

Gisèle akapokea mara moja:

— Ni weye ulikuwa unanitumia bi code byote bile? Tangu lundi! Nilizani ni mwizi.

Alikuwa anaziona zote tangu Jumatatu! Alidhani mtu anataka kuiba sauti za Muzee, na kesho angekuja mwenyewe Ndosho kutuonya. Yeye, kuja kwetu! Nikaeleza: mashine, Élisée, Jumapili, Mwanakondoo. Nilieleza vibaya, kama mtoto aliyevunja sahani. Angeweza kukata. Angeweza kuniambia niende kuuliza kikwembe changu cha njano.

— Tuma sasa, akasema. Niko na simu mu mukono.

Nikatuma. Code ikamfikia kabla sijamaliza kukohoa. Lakini mashine yangu! Ukurasa wa kuandikia unazunguka, unazunguka. Unafunguka — code imeshapitwa na wakati. Tena. Inazunguka. Imepitwa.

Na watu wawili wasiosemeshana wanafanya nini wakati mashine inazunguka? Nasikia jogoo wa kwake. Kisha akauliza goti la Charline. Nikasema linapona. Nikauliza mapacha. Wamefaulu wote wawili, mmoja anaimba basse sasa. Basse! Nilimwacha na sauti ya kitoto. Inazunguka. Akaniambia kwao clavier hawana, wanaimba na ngoma tu. Nikamwambia kwetu clavier tunayo, ila ngoma hatuna, na Gloria inalala. Akacheka kidogo. Ila kila mara ananiita Papa Baharanyi, kama anaongea na mtu wa ofisi ya état civil. Zamani alikuwa ananiita Maestro.

Mwisho mashine ikatufungia tena mpaka kesho. Akasema kesho hatatoka na simu mbali.

Nimekula vizuri leo. Charline ameona.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

IMEFUNGUKA!

Acha niandike vizuri. Élisée alinionyesha: acha ukurasa ufunguke mpaka mwisho, utulie, ndipo uombe code itumwe upya. Courant ya umeme haikukatika, asante Mungu. Nikampigia. Nikabonyeza. Naye akaanza kusoma tarakimu polepole kwa Kifaransa, vile alivyokuwa anatusomea namba za nyimbo kanisani: vingt-trois… zéro-huit… soixante et onze. Nikakosea, nikafuta, akarudia bila hasira. Nikabonyeza.

Boîte yetu! Nilipiga kelele mpaka mama mmoja aliyekuja kufotokopi carte yake akapiga makofi, bila kujua kuna nini. Nilimfanyia bure.

Nikatafuta. Zilikuwepo, zote nne. Nikafungua ya soprano, spika zikakwaruza, halafu — Muzee. Anakohoa kwanza. Anasema: “Basoprano, musilie. Muimbe.” Halafu anaimba, mwanaume yule mzima, kwa sauti ya msichana.

Nikataka kuzima, nimsikilize peke yangu baadaye. Gisèle bado alikuwa kwenye simu.

— Usizime. Acha inaimba.

Nikaweka simu karibu na spika. Baada ya kidogo nikasikia anamfuata, chini chini. Muzee upande huu, Gisèle upande ule. Palipopanda juu Muzee alishindwa, akakwama, akacheka mwenyewe kwenye ile sauti. Gisèle akapanda. Akafika. Nimelia, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Ilipoisha akasema:

— Aksanti, Maestro.

Maestro! Nikafungua mdomo nimwambie neno la Jumapili. Unités za simu zikaisha, simu ikakata.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Kwanza kabisa: sauti zote ziko kwenye clé USB, na nyingine kwenye simu ya Charline, na nyingine kwa Élisée. Nimelala kama mtoto.

Répétition kutwa nzima. Watu wameshika haraka, Muzee bado anajua kufundisha. Basse, safi. Alto, Charline anawachunga. Soprano… soprano hatuna. Wazuri wote walimfuata Gisèle. Wetu wakifika pale juu wanatazama viatu. Lakini tutaimba, nimeahidi na tutaimba.

Élisée ananiambia nibadilishe namba haraka, niweke yangu, nisisumbuke tena. Kweli boîte yenyewe inauliza: namba inayoishia na 47 bado ni yako? Ndiyo. Badilisha. Baadaye.

Nimebonyeza Baadaye.

Charline akauliza kama nimempigia Gisèle kuhusu kesho. Nikasema nanunua unités kwanza. Nimenunua. Nikazitazama tu. Nitaanzaje? Kumwomba code ni rahisi, mashine inataka. Hii ya kumwomba aje kuimba nataka mimi.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Asubuhi. Nimevaa. Nimemwambia Charline atangulie parokiani, mimi napita bureautique kuchukua clé. Clé iko mfukoni mwangu.

Mama Donatille ametuma ujumbe kwamba tayari amekaa, na ameacha mabenchi mawili ya mbele kwa chorale. Sisi tunajaa moja.

Nimewasha mashine. Boîte ilikuwa wazi, salama kabisa. Nikaifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaifungua upya. Neno la siri, sawa. Tukutumie code kwenye namba inayoishia na 47?

Tuma.

Ukurasa unazunguka. Mara hii sina haraka nao. Nje motari anapita na pikipiki yake, wanawake wawili nyuma, vikwembe vya buluu — hapana, hao wanaelekea sokoni.

Simu inalia. Ni yeye. Hakungoja nimpigie! Nitamwambia mashine imenisumbua tena. Hapana. Nitamwambia benchi moja liko wazi, linawangoja yeye na watu wake.