Mlango wa Upande wa Mbuga

Jumatatu, 7 Oktoba 1996
Umeme upo tangu asubuhi. Ajabu. Nimeendelea kuchora kwenye kompyuta nyumba ya wazazi ya Michenga, ya wajawazito kujifungulia. Kuta zitaundwa hapa karakana, Mlabani, kwa mbao za msaji, zipakiwe kwenye tela, zikaungwe kule. Fundi Kasian, mkuu wetu, kapita nyuma yangu. "Mwanangu, hiyo nyumba yako ya kwenye kioo mvua haiinyeshei." Nimecheka. Imenichoma pia.

Alhamisi, 10 Oktoba
Michenga, kupima kiwanja. Nimepita kwa Imelda, mdogo wangu. Atajifungua masika. Mtoto wa kwanza alimpoteza njiani akienda kujifungua, maji yamejaa kila mahali. Hatukumtaja.
Nyuma ya kila nyumba kuna mtumbwi umepinduliwa, unangoja maji. Nimeitazama ile mitumbwi, ndipo nikashtuka. Masika huku mbuga hufurika, watu huingilia nyuma kwa mtumbwi, kutokea mbugani. Mimi nimechora mlango unaotazama barabara, kama nyumba zote za mjini. Mjinga mimi.

Ijumaa, 11 Oktoba
Fundi kakataa kuhamisha mlango. Mbao zimeshapigwa chaki za kukatia, Jumatatu msumeno. Tena nyumba haiipi barabara mgongo, wageni watasema tumewanunia. Nimekasirika. Sikubali.

Jumamosi, 12 Oktoba
Milango miwili, basi. Wa barabarani ubaki. Wa mbugani uwe mpana, na baraza ya juu na ngazi.
Umeme umekatika sijahifadhi. Ukuta wote wa nyuma umepotea. Nimetukana peke yangu. Uliporudi nimeanza upya.
Ngazi imegongana na nguzo. Nimesogeza nguzo. Hakuna ubao ulioharibika. Vipande vyote bado vinaenea kwenye tela.

Jumatatu, 14 Oktoba
Nimemwamkia Fundi, nikamvutia kiti. Nimemgeuzia nyumba kwenye kioo taratibu mpaka mbuga ikawa mbele. Nikamwonyesha maji yanapofika. Kavaa miwani. Kisha akauliza, "Imelda atashukia wapi?" Nikamwekea kidole kwenye ngazi.
Ameinuka, akachukua kitambaa, akafuta chaki.

Jumapili, 6 Aprili 1997
Michenga. Barabara haionekani kwa maji. Mlango wa mbele umefungwa.
Imelda kaletwa na mumewe alfajiri. Hakulowana hata miguu. Mtoto ni wa kike. Wote wamelala.
Nimekaa barazani. Mtumbwi wao umefungwa kwenye ile nguzo niliyoisogeza.