Nili Ukutani

Unguja Mjini, Mfunguo Pili

Kwa kaka yangu Hashil, Maskati,

Shikamoo. Barua ya Kiarabu kaniandikisha Baba. Hii ya Kiswahili nimeitia ndani kwa siri.

Chumba cha arusi cha dada Bahiya kilipopakwa chokaa, mikono haikunitulia. Nikachukua nili ya kufulia na manjano ya jikoni, nikachora maji ya Uroa yakipwa: si mashua, si samaki, rangi tupu.

"Nani kachafua hapa?" Baba akauliza. Nikanyamaza.

Bi Wanu, mfuaji wetu, akacheka: "Uchafu gani, Bwana? Si bahari yetu ya Uroa hii!"

Nili huishika yeye, basi Baba akamdhania, akamfukuza. Nami bado nikanyamaza.

Kaka, silali. Nshakiri kwako, sasa nnashuka kwa Baba, kabla woga haujanirudia.

Nduguyo,
Tamima