Barua Niliyompa Direkta

Carama, Bujumbura

Mama yangu,

Shikamoo. Kile kikohozi kimekuachia? Na hapo Ujiji mvua zimeanza, au bado mnachota maji kwa jirani? Mimi mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Habari za moyo usiniulize bado.

Tulianza walimu wapya watatu, unakumbuka. Kijana wa hesabu aliondoka kabla ya mitihani, akavuka mpaka kwenda Uvira, Kongo. Halafu Goreti, tuliyepakana naye madarasa, siku moja hakuja. Nikampigia.

"Mi nimechoka, Mwajuma," akasema. "Muhula muzima hakuna mutu aliingia darasani kwangu, hata kuniuliza kama niko sawa."

Nikamwambia pole. Watoto wake wakachanganywa na wangu. Sasa wanabanana wanne benchi moja.

Na kwangu pia hakuna aliyewahi kuingia. Nikaandika barua ya kuacha kazi. Direkta, mwalimu mkuu wetu, akaisoma, akaniangalia.

"Huyu Mwajuma ni nani?"

"Ni mimi."

"Apana. Si we ni Goreti?"

Sikukasirika, mama. Baadaye hilo ndilo lililonitisha, kwamba sikukasirika. Akasema padoni, yaani samahani, akaniomba nimalize wiki.

Kesho yake Mama Zawadi, mwalimu mkongwe wa darasa la kwanza, aliingia kwangu bila kuitwa, watoto wake walipokwisha kwenda nyumbani. Akajibana nyuma kwenye benchi. Kipindi kilipoisha akaniambia, "Unafundisha muzuri. Ila unaongea na ubao. Geuka, mutoto wangu, watoto wako huku."

Akaja tena siku ya pili. Ya tatu alinikuta nimegeuka.

Sitakudanganya kwamba nimefurahi. Lakini Ijumaa nilikwenda ofisini nikaomba barua yangu.

"Unabaki?" Direkta akauliza.

"Nabaki."

Akanipa. Nikarudi darasani kusahihisha imla.

Nisalimie baba mdogo na cherehani yake, na shangazi wa sokoni. Mwambie vile vitenge vyake nimevivaa mpaka vimepauka. Bibi mshike mkono kwa niaba yangu.

Najua chumba changu umeshakifagia na shuka umetandika, kwa sababu nilikupigia nikasema nakuja. Nisamehe. Mpe mdogo wangu Rehema alale humo.

Ni mimi binti yako,
Mwajuma